Ukitaka kuyaelewa matawi ya baiolojia, fuata ugonjwa mmoja tu: selimundu

Mtu akiulizwa baiolojia ina matawi gani anaanza kuhesabu vidole, zuolojia, botania, jenetiki, ikolojia, mikrobaiolojia, halafu anaishia hapo, manake ndivyo tulivyokaririshwa fomu wan, jina la tawi upande huu na maana yake upande ule. Orodha yenyewe haina kosa. Ila haikwambii jambo kubwa kuliko yote, kwamba haya matawi hakuna kamati iliyokaa ikayagawa, kila moja lilianza pale swali fulani lilipowashinda watu na njia walizokuwa nazo zikawa hazitoshi tena. Na mimi njia nzuri ninayoijua ya kuliona hilo ni kuchukua kitu kimoja kinachotuhusu, ukakifuata tangu mwanzo, uone kinapita kwenye mikono ya nani na nani. Nachagua selimundu, yaani sikoseli. Tanzania peke yake makadirio yanayotajwa sana ni watoto kama 11,000 wanaozaliwa nao kila mwaka, kwahiyo hapa hatuongelei ugonjwa wa mbali.

Tuanzie Chicago, Desemba 1904. Kijana mmoja wa kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, alikuwa kaenda kule kusomea udaktari wa meno, akalazwa hospitali akiwa na homa na kikohozi, hana nguvu. Daktari kijana aliyekuwa zamu, Ernest Irons, akampima damu, akaiweka kwenye hadubini, akakuta chembe nyekundu ambazo hajawahi kuziona. Chembe nyekundu ya kawaida ni duara, imebonyea katikati kama andazi ulilolibinya kwa kidole, lakini hizi nyingine zilikuwa ndefu, nyembamba, zimepinda. Mkubwa wake, James Herrick, akamfuatilia mgonjwa huyo kwa muda mrefu na mwaka 1910 akachapisha habari zake. Ndo mara ya kwanza ugonjwa huu unaandikwa kwenye majarida ya kitabibu ya kule, japo Afrika Magharibi kulikuwa na jamii zilizokuwa na majina yake kwa lugha zao tangu zamani. Noel mwenyewe alimaliza masomo, akarudi kwao kufungua kliniki ya meno, akafariki 1916 akiwa bado kijana.

Sasa jiulize, Irons alipata wapi wazo la kwamba ukitaka kujua mtu anaumwa nini unaweza kuangalia chembe moja ya damu? Hapo ndo tunakutana na tawi la kwanza, elimu ya seli, ambalo wengine wanaliita sitolojia. Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1665 aliangalia kipande cha kizibo cha chupa akaona vijumba vidogo vidogo akaviita seli, ila alichoona ni kuta tu, vilivyokuwa ndani vilishakufa zamani. Aliyeona vitu hai kweli kweli ni Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini ambacho ndo kilikuwa lugha ya wasomi wa enzi hizo. Alikuwa anasugua lenzi zake mwenyewe, ndogo kabisa, na baadhi zilikuwa zinakuza zaidi ya mara 200, akawa anaandika barua kwa Kidachi kwenda Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuwaeleza alichokiona kwenye maji ya ziwa, kwenye utando wa meno, kwenye mbegu za kiume, na mwaka 1674 akaeleza chembe nyekundu za damu. Mimi huyu mzee namheshimu sana, kwa sababu ukisoma historia ya sayansi unaweza kudhani ni mali ya watu wenye vyeo, kumbe mlango wa ulimwengu wote wa vijidudu ulifunguliwa na mfanyabiashara aliyekuwa na subira.

Ilichukua zaidi ya miaka 150 baada ya hapo ndo watu wakakubaliana kwamba kila kiumbe kimejengwa kwa seli, Matthias Schleiden akalisema kwa mimea mwaka 1838 na Theodor Schwann akalisema kwa wanyama mwaka uliofuata, wote Wajerumani. Swali likabaki seli mpya inatoka wapi. Jibu la kwamba seli inatokana na seli nyingine kugawanyika watu wanampa Rudolf Virchow, na ni kweli yeye ndo aliyelieneza kuanzia 1855 na akajenga juu yake wazo kubwa kwamba ugonjwa ni seli kuharibika, lakini kabla yake alikuwepo Robert Remak, Myahudi kutoka Poznań aliyekuwa anafanya kazi Berlin, ambaye alilionyesha hilo mapema akichunguza viinitete vya vyura na kuku. Sheria na desturi za Prussia za wakati huo ziliwabana Wayahudi wasipate uprofesa, na Virchow alipochapisha hakumtaja. Tukitaja waliojenga baiolojia jina la Remak liwepo, ni haki yake.

Haya, seli tumeiona imepinda, lakini kupinda tu kunamuumizaje mtu? Hilo ni swali la fiziolojia, tawi linaloangalia mwili unavyofanya kazi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 madaktari walifuata mafundisho ya Galen, kwamba ini linatengeneza damu mpya kutokana na chakula, inasambaa mwilini inaisha, na kwamba damu inavuka kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine kupitia vitundu kwenye ukuta wa katikati. Wa kwanza kulipinga hilo waziwazi kwa maandishi ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Syria aliyefanya kazi Cairo, karne ya 13, akasema ukuta ule ni mzito hauna vitundu, damu inapita kwenye mapafu kwanza ndo inarudi upande wa kushoto. Kisha mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akapiga hesabu nyepesi tu, damu inayosukumwa kila pigo la moyo zidisha mara mapigo ya nusu saa, ikatoka nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, kwahiyo haiwezekani inatengenezwa upya kila mara, lazima inazunguka. Kitu alichokosa Harvey ni kuona inapitia wapi kutoka mishipa ya kwenda hadi mishipa ya kurudi, na hilo likaonwa na Mtaliano Marcello Malpighi mwaka 1661 kwenye mapafu ya chura, vimishipa vyembamba mno ambavyo leo tunaviita kapilari.

Na maumivu ya selimundu yako hapo hapo kwenye kapilari. Mwaka 1927 huko Indiana, Marekani, Vernon Hahn na Elizabeth Gillespie walionyesha kwamba chembe hizi zinapinda oksijeni ikipungua, na ukirejesha oksijeni nyingi zinaweza kurudi duara. Sasa kapilari ndiko damu inakoacha oksijeni, yaani chembe inapinda palepale kwenye njia nyembamba kuliko zote, inakwama, zinarundikana, nyama ya mbele inakosa damu, mtu analia maumivu ya mifupa ambayo mara nyingi ukiwa nje huoni kidonda wala uvimbe. Ndo maana mtoto wa sikoseli akisema anaumwa usimwambie anadeka. Na bandama, kiungo kinachosaidia kusafisha bakteria kwenye damu, nacho kinazibwa zibwa mpaka kinakufa mapema utotoni, hapo mikrobaiolojia, elimu ya vijidudu, inaingia, manake mtoto asiye na bandama inayofanya kazi anaweza kuuawa haraka sana na bakteria wa nimonia. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kuwapa watoto hawa wadogo penisilini kila siku kunapunguza sana maambukizi hayo. Kazi ya Louis Pasteur na Robert Koch ya kuthibitisha kwamba vijidudu ndo vinaleta magonjwa, ukijumlisha na ukungu alioukuta Alexander Fleming kwenye sahani yake mwaka 1928, matunda yake ni dozi ya mtoto wa mwaka mmoja. Koch kwa taarifa yako alishafanya kazi huku kwetu, mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akihangaika na ugonjwa wa malale, na dawa aliyoitumia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, hilo nalo liandikwe.

Turudi kwenye damu. Madaktari waliona ugonjwa unatembea kwenye familia, ila si kila mtoto anaupata, na wazazi mara nyingi ni wazima. Hii ni jenetiki, elimu ya urithi, na jenetiki ilianza kwenye njegere. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno ambao leo uko Jamhuri ya Czech, alipanda na kuchavusha njegere kuanzia 1856 hadi 1863, mimea kama 28,000 hivi, akihesabu mbegu za duara na zilizokunjamana, za njano na za kijani. Akagundua tabia inaweza kupotea kwa watoto halafu ikarudi kwa wajukuu, kwa uwiano wa 3 kwa 1, yaani haichanganyiki kama rangi, inabebwa kimya kimya. Aliisoma kazi yake mbele ya watu 1865, ikachapishwa 1866, na hakuna aliyeshtuka. Akafa 1884. Mwaka 1900 ndo wanasayansi watatu kila mmoja kwa njia yake wakafikia matokeo hayohayo wakakuta yule mtawa alishamaliza zamani, halafu Thomas Hunt Morgan kwa kutumia nzi wa matunda huko New York akaonyesha kwamba jeni, yaani vile vibebeo vya urithi, zimekaa kwenye kromosomu, nyuzi zilizo ndani ya seli.

Mwaka 1949 James Neel huko Marekani, na daktari mmoja wa serikali ya kikoloni anaitwa Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wote wawili wakaonyesha kuwa selimundu inafuata kanuni za Mendel vilevile. Kila mtu ana jeni mbili za himoglobini, protini ya damu, A ni ya kawaida na S ni ya selimundu. Baba ana AS, mama ana AS, wote wazima. Kila mimba, narudia kila mimba, ina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto SS ambaye ndo mgonjwa, 2 kati ya 4 ya kutoa AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Hapa watu wanachanganya, wanadhani mtoto wa kwanza akiwa SS basi watatu wanaofuata wamesalimika, hapana, kila mimba inaanza hesabu upya. Na naomba tuelewane kwenye hili kwa sababu linaumiza familia zetu: mtoto wa SS amepokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Haiwezekani ikatoka upande mmoja. Yule mama anayesemwa na mawifi kwamba ameleta damu mbaya kwenye ukoo anasemwa kwa uongo, na jirani anayetajwa kuwa kamroga mtoto naye hana kosa.

Mwaka huohuo 1949 kitu kingine kikatokea ambacho ndo kama mlango wa baiolojia ya molekuli kwenye tiba. Linus Pauling, mkemia wa California, alikuwa ameshasikia habari ya chembe zinazopinda oksijeni ikipungua, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Kwamba huenda seli yenyewe haina shida, shida iko kwenye molekuli iliyojaa ndani yake. Kazi ya maabara akaifanya hasa kijana wake Harvey Itano pamoja na wenzao wawili, wakapitisha umeme kwenye himoglobini ya mzima na ya mgonjwa, njia inayoitwa elektroforesisi, wakaona zinatembea tofauti, na himoglobini ya mtu wa AS ikawa na aina zote mbili kwa pamoja. Yaani kanuni ya Mendel unaiona kwa macho kwenye mashine. Itano mwenyewe alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani, mwaka 1942 aliongoza darasa zima la chuo kikuu cha Berkeley ila siku ya mahafali hakuwepo, alikuwa kafungiwa kambini pamoja na Wajapani wengine kwa sababu ya vita.

Tofauti yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani? Hapo tunahamia Cambridge, Uingereza. Max Perutz alikuwa kashaanza tangu miaka ya 1930 kuisaka sura ya himoglobini kwa kuipiga eksirei, kazi iliyomla zaidi ya miaka 20 kabla haijatoa picha, akapata Nobel 1962 pamoja na John Kendrew. Kwenye maabara hiyohiyo Vernon Ingram akaikata kata himoglobini vipande akavilinganisha, na kufikia 1957 akawa na jibu: mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini, una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, na ya wagonjwa inatofautiana na ya wazima kwenye moja tu, ya 6, pale palipotakiwa kuwa na glutamiki pana valini. Moja! Valini haipendi maji, kwahiyo oksijeni ikitoka molekuli zinatafutana zinanatana, zinatengeneza nyuzi ndefu ngumu ambazo ndo zinaisukuma seli mpaka inapinda. Na nyuma ya hiyo asidi amino moja kuna herufi moja ya DNA, ile molekuli inayobeba maagizo ya urithi, iliyobadilika, A ikawa T. Umbo la DNA lenyewe lilikuwa limeshajulikana tangu 1953 kwa James Watson na Francis Crick, wakitegemea sana vipimo vya eksirei vya Rosalind Franklin, ambaye alifariki 1958 akiwa na miaka 37, na Nobel ya 1962 ikaenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins.

Mpaka hapa ungesema kesi imeisha, tumetoka kwa mgonjwa mpaka kwenye herufi moja. Lakini kuna swali ambalo Pauling na mashine zake zote asingeweza kulijibu, na kwangu mimi ndo sehemu tamu kuliko zote. Kama SS zamani walikuwa wanakufa watoto kabla hawajazaa, kila mmoja wao anaondoka na jeni mbili, kwa nini jeni hii haijaisha? Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walipima watu Uganda wakakuta kwa Wabaamba wa Bundibugyo, mpakani na Kongo, hadi asilimia 45 wanabeba jeni. Karibu nusu ya watu!

Swali hili ni la evolusheni, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, na evolusheni ina baba zake wawili. Charles Darwin alikaa na wazo lake miaka 20 akikusanya ushahidi, na Alfred Russel Wallace, aliyekuwa anaishi kwa kuuza vielelezo vya ndege na wadudu, likamjia wazo hilohilo mwaka 1858 akiwa kitandani visiwa vya Maluku, Indonesia, anatetemeka kwa homa ambayo wengi wanaamini ilikuwa malaria. Kazi zao zikasomwa pamoja London Julai mosi 1858. Wazo lenyewe halisemi kwamba nyani wa leo wanageuka kuwa watu, hiyo ni stori ya mtaani. Linasema viumbe wa aina moja hawalingani, tofauti zinarithiwa, na mazingira yanafanya wenye tofauti fulani waache watoto wengi kuliko wengine. Basi. Kwahiyo jeni mbaya ikiwa nyingi hivi mahali, Darwin angekuuliza: hapo mahali inamsaidia nani?

Aliyejibu ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, shambani Bonde la Ufa. Mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford alijiunga na msafara wa kwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye jeni walizidi asilimia 20, ukipanda nyanda za juu au ukienda ukame, unakuta chini ya asilimia 1. Kabila haikuwa ndo sababu, lugha haikuwa ndo sababu, ramani ya jeni ilikuwa inafanana na ramani ya malaria. Beet naye kule Rhodesia alikuwa keshadokeza kwamba wenye chembe mundu wanaonekana kuwa na vimelea wachache. Allison akarudi 1953, akapima watoto Uganda, akakuta wenye AS wana vimelea vya malaria kidogo kuliko wenzao. Akafanya na jaribio la watu wazima wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria: kwa wasio nayo 14 wakaugua, kwa wenye AS ni 2 tu. Majaribio ya kumwambukiza mtu malaria kwa hiari yake bado yapo hadi leo, Bagamoyo na Kilifi yamefanyika, ila sasa kuna kamati za maadili, maelezo na dawa mkononi, na nadhani ni sawa kabisa kuuliza kama wale wanaume wa miaka ya 50 walielezwa kila kitu.

Akachapisha 1954, na ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza iliyo wazi ya uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa binadamu. AA anakabiliwa na malaria, SS anakabiliwa na selimundu, AS ndo anapita katikati salama kuliko wote, na kwa sababu AS wanazaa, jeni inabaki. Wabaamba walikuwa wengi wa AS kwa sababu ya mbu, basi. Na malaria ikiondoka faida inaondoka, kwa Wamarekani Weusi leo wenye AS ni kama mmoja kati ya 13.

Sasa mbu nao wana watu wao. Parasitolojia, elimu ya vimelea, na entomolojia, elimu ya wadudu, ni matawi ambayo bila hayo Allison asingekuwa na ramani ya kulinganisha. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliona kimelea cha malaria kwenye damu ya mwanajeshi huko Constantine, Algeria, Novemba 1880. Ronald Ross akakikuta tumboni mwa mbu huko Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, baada ya kumlipa mgonjwa mmoja, Husein Khan, sarafu moja ndogo ya India inayoitwa anna kwa kila mbu aliyemuuma. Mtaliano Giovanni Battista Grassi akaonyesha mwaka uliofuata kwamba malaria ya binadamu inabebwa na Anopheles, wakagombana na Ross vibaya sana, Nobel ya 1902 akapewa Ross peke yake. Hapo taksonomia inaingia, lile tawi la kuainisha viumbe ambalo wanafunzi wengi wanaliona la kukariri majina ya Kilatini tu. Carl Linnaeus wa Sweden ndo aliyetupa mfumo wa majina mawili mawili, mimea mwaka 1753 na wanyama mwaka 1758, na umuhimu wake utauona kwa mbu: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ukiwaweka mezani huwezi kuwatofautisha kwa macho, lakini wa kwanza anapenda binadamu na kuuma ndani usiku, wa pili anauma hata ng'ombe na hata nje. Anopheles merus yeye anazaliana kwenye maji ya chumvi chumvi ya pwani. Ukiwaita wote jina moja, utagawa vyandarua halafu ushangae mbona malaria haijaisha. Ikolojia, elimu ya viumbe na mazingira yao, nayo inaongezea lake, mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone alieleza kwamba kilimo cha kufyeka misitu Afrika Magharibi kilifungua madimbwi yenye jua ambayo mbu hawa wanayapenda, watu wakakaa pamoja wengi, malaria ikashamiri, jeni ikapanda. Yaani panga na jembe vimeshiriki kuandika damu yetu. Na damu inasafiri na watu: wagonjwa wa Oman wamekutwa na aina za jeni hii zenye asili ya Afrika ya Wabantu pamoja na ile ya Uarabuni na India, historia ya Bahari ya Hindi imo humo.

Botania, elimu ya mimea, nisiiruke. Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ilitoka kwenye magome ya mti wa sinkona, na taasisi ya Amani huko milima ya Usambara, iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, ilikuwa na mashamba ya sinkona na Vita vya Kwanza vya Dunia ilitengeneza kwinini hapohapo. Artemisinin iliyomo kwenye dawa mseto tunazomeza leo ilitolewa kwenye mmea na Tu Youyou wa China miaka ya 70, akapata Nobel 2015.

Tiba ya selimundu yenyewe ikaja kutoka tawi ambalo wengi hawalifikirii, embriolojia, elimu ya mtoto anavyokua tumboni. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto Brooklyn, aliona kwamba vichanga wenye ugonjwa hawaonyeshi dalili miezi ya mwanzo, akahisi ni kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni, ambayo ni tofauti na ya ukubwani na haina ile shida. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima taratibu, ikifika miezi kama 6 ndo maumivu yanaanza, mikono na miguu inavimba. Wazo likawa rahisi kulisema na gumu kulifanya: tuiwashe tena. Dawa ya haidroksiyurea inafanya hivyo kwa kiasi, Marekani waliiruhusu kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 1998. Kisha watafiti wakaja kugundua swichi yenyewe inayoizima, jeni inaitwa BCL11A, mwaka 2008.

Kuifikia hiyo swichi kulihitaji mkasi, na mkasi ukatoka kwenye mabwawa ya chumvi ya Uhispania. Francisco Mojica alikuwa anachunguza vijidudu vinavyoishi kwenye chumvi kali, kazi ambayo mtu angekuuliza inamsaidia nani, miaka ya 90 akaona kwenye DNA yao kuna maneno yanajirudia rudia, na baadaye akaelewa ni kinga yao dhidi ya virusi. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna wakaonyesha kinga hiyo inaweza kuelekezwa ikate DNA popote utakapo, ndo CRISPR, Nobel ya 2020. Mwishoni mwa 2023 Uingereza kisha Marekani wakaruhusu tiba ya kwanza ya aina hii duniani, na ni ya selimundu: seli shina za mgonjwa, zile zinazotengeneza damu, zinatolewa, BCL11A inazimwa humo, uloto wake unafutwa kwa dawa kali, anarudishiwa seli zake. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Kwa bei hiyo, kwa sasa kazi kubwa kwetu inafanywa na vitu vya kawaida zaidi. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake tangu 2004 wamefuatilia maelfu ya wagonjwa, moja ya makundi makubwa duniani yaliyofuatiliwa sehemu moja. Na utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018, uliwapa haidroksiyurea watoto zaidi ya 600. Kulikuwa na hofu kwamba kwenye nchi za malaria dawa hii ingewadhuru. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua pia. Ni kidonge cha kumeza kila siku chini ya uangalizi wa daktari na vipimo vya damu, kwahiyo kama una mtoto SS na hajawahi kutajiwa dawa hii, ulizia kliniki.